Kusomesha nyumbani au shule ya umma: nani anafikia viwango?

Mkuu, umeuliza kama mtoto anayefundishwa nyumbani anaweza kufikia kiwango cha mwenzake wa shule ya umma, na waliotangulia wamekumwagia takwimu. Mimi mwanangu wa kwanza nilimfundisha mwenyewe hadi akamaliza masomo ya msingi, ndipo akaingia shule ya umma. Mdogo wake yuko shuleni tangu darasa la kwanza. Nitakujibu kwa niliyoyaona, ila kwanza hizo takwimu, maana zinapotosha.

Nyingi ni za Marekani, ambako kusomesha nyumbani ni halali katika majimbo yote 50. Utafiti unaotajwa kila siku ni wa mtafiti Lawrence Rudner, wa mwaka 1999: watoto 20,760 wa nyumbani, na kwa jumla walikuwa juu kabisa ya wastani wa taifa. Wengi wanaishia hapo. Hawasemi kwamba familia zile zilijitokeza zenyewe na zilikuwa tayari zinalipia huduma ya mitihani, na wazazi wa familia hizo walikuwa na kisomo na kipato zaidi ya wastani. Rudner mwenyewe alionya kwamba utafiti wake haulinganishi nyumbani na shule. Mzazi anayejua kuwa mwanawe bado anababaisha kusoma atampeleka kwenye mtihani wa hiari? Shule haina uhuru huo, inapima hadi anayesinzia.

Ninaouamini zaidi ni mdogo, wa Kanada, wa 2011: watoto 37 wa nyumbani na 37 wa shule za umma, wote wa miaka 5 hadi 10. Waliofundishwa nyumbani kwa mpangilio, yaani kwa vitabu na ratiba, waliwazidi wa shule. Wale walioachwa wajifunze wanachotaka, saa wanayotaka, walikuwa nyuma ya wote. Sampuli ni ndogo, sikatai, lakini inafanana na ninayoyajua.

Sasa nyumbani kwangu. Faida kubwa ni kwamba hakuna kalenda inayokufukuza. Mwanangu mdogo akipata 60 kwa 100 kwenye hesabu za sehemu, Jumatatu darasa linaingia desimali, na zile 40 alizokosa zinabaki shimo ambalo atatumbukia akifika kwenye asilimia. Mwalimu analiona, ila ana watoto darasa zima na silabasi ya kumaliza. Mkubwa tulikaa kwenye sehemu mpaka zikamwingia, na ndiyo maana hesabu za uwiano hazikumsumbua baadaye.

Upande wa pili ni huu, na wazazi wenzangu wa nyumbani hawapendi kuusikia: mtoto husoma uso wako kabla hajasoma swali. Nilimpa robo tatu jumlisha theluthi mbili. Akajumlisha 3 na 2, akaandika 5, akaanza kujumlisha 4 na 3 huku ananitazama. Nyusi zangu zikasogea tu, akafuta mwenyewe, akatafuta kigawe kidogo cha shirika, akapata 17 juu ya 12. Kwenye daftari panaonekana safi kabisa. Swali la namna hiyo hiyo akapewa na shangazi yake, ambaye ni mwalimu, akaachwa peke yake chumbani: ile ya kujumlisha juu kwa juu na chini kwa chini ikarudi. Kuanzia hapo kila muhula shangazi ndiye aliyetunga, akasimamia na kusahihisha, mimi nikiwa nje ya nyumba.

Kwa hiyo ukiniuliza ni wapi pa kuangalia, nitasema tazama nani anasahihisha. Sheria nazo zinatofautiana hapo hapo. Jimbo la Pennsylvania linataka kazi za mtoto zikusanywe na kukaguliwa na mtu mwenye sifa kila mwaka. Texas haidai mtihani wowote. Ujerumani, mtoto lazima aende shule, na mwaka 2019 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliunga mkono msimamo huo.

Kusoma na msamiati hakukunipa shida, nyumba yenye vitabu inajiendesha. Insha ya kuandikwa kwa dakika 40 ilimshangaza alipoingia shule, kwa sababu nyumbani insha ilikuwa inalala na kuamka naye. Na jihadhari na somo usilolipenda wewe. Mzazi asiyependa hisabati ataisogeza kesho, kesho kutwa, na hakuna mkaguzi wa kumuuliza.

Sayansi ya sekondari ndiyo itakayokubana. Ukipanga afanye mitihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, tafuta kituo mapema na uulize kuhusu vitendo. IGCSE ya Cambridge, mtihani wa kimataifa wa sekondari, kwa mfano, ina karatasi mbadala ya vitendo katika fizikia, kemia na biolojia, anajibu maswali ya majaribio bila kuingia maabara. Mitihani mingine haina nafasi hiyo, na si kila kituo hupokea mtahiniwa wa nje.