Usikimbilie Kuifunga Kadi ya Mkopo Usiyoitumia

Wengi wetu tuliohamia Marekani kutoka Afrika Mashariki tumelelewa kuogopa deni, na ni malezi mema. Ndiyo maana ndugu na marafiki huniuliza kama waifunge ile kadi ya mkopo iliyolala kwenye droo. Karibu kila mara nawaambia waiache, mradi haina ada ya mwaka.

Kadi haishushi alama zako za mkopo, yaani namba ambayo wakopeshaji huitazama kupima kama unaaminika kulipa, kwa kukaa tu. FICO, kampuni inayokokotoa alama hizo na ambayo alama zake huanzia 300 hadi 850, huipa historia ya kulipa uzito wa asilimia 35, na kiasi unachodaiwa asilimia 30. Hapo kwenye kiasi unachodaiwa ndipo kadi iliyolala inakufaa, maana kikomo chake, yaani kiasi cha juu unachoruhusiwa kukopa, kinahesabiwa hata usipoigusa. Tuseme una kadi mbili: moja ya kikomo cha dola 5,000 usiyoitumia, na nyingine ya dola 1,000 ambayo unadaiwa 600. Hapo umetumia asilimia 10 ya vikomo vyote. Ukiifunga ile kubwa, deni lilelile linakuwa asilimia 60, na alama huenda zikaporomoka ingawa hujakopa hata senti moja zaidi.

Shida ni kwamba benki yenyewe inaweza kuifunga kadi iliyokaa muda mrefu, na sheria haiilazimishi kukuarifu mapema. Na kama huna mkopo mwingine wowote, FICO huhitaji walau akaunti moja yenye taarifa za miezi sita iliyopita; ikikosekana, hupati alama kabisa.

Kadi yangu ya kwanza, niliyopewa kwa kuweka dhamana, siku hizi inalipia bili ya simu tu. Deni lote hukatwa lenyewe kila mwezi kwenye akaunti yangu. Taarifa yake naisoma, kwa sababu wizi kwenye kadi isiyotazamwa huchelewa kugunduliwa. Na tafadhali, usimsikilize anayekwambia ubakize deni kidogo ili alama zipande. Utalipa riba bure.

Ikiwa kadi ina ada, piga simu benki uombe wakubadilishie iwe isiyo na ada. Wakikataa na ada inakuumiza, ifunge. Akaunti isiyo na doa huweza kubaki kwenye ripoti yako ya mikopo hadi miaka 10 baada ya kufungwa. Ila kama unaomba mkopo wa nyumba, subiri kwanza mpaka ukabidhiwe funguo.