Ulizia Upepo Kabla ya Lenzi

Juzi kijana mmoja wa Kakamega aliniandikia: "Kaka, nimeweka akiba shilingi elfu arobaini. Ninunue lenzi gani ili nipate ndege kama zako?" Alikuwa ameona picha yangu ya Dash 8, ndege ya abiria ya shirika la Jambojet, ikiingia Kisumu asubuhi, ziwa nyuma yake, mapanga ya injini yakizunguka. Picha hiyo naipenda, sitajifanya mnyenyekevu. Ndiyo ya kwanza niliyoichapisha kwa karatasi kubwa, na mke wangu aliiondoa kalenda ya sebuleni mwenyewe ili ipate nafasi.

Lakini swali lake liliniuma kidogo, kwa sababu ndilo nililouliza mimi nilipoanza, na jibu nililopewa, kwamba nitafute lenzi kubwa, lilinigharimu.

Nilijifunzia Nairobi. Nilikuwa na kibarua huko, na Jumapili nilikuwa nasimama mbali na uwanja nikitazama ndege zikivuka Barabara ya Mombasa kwenda kutua Jomo Kenyatta. Huko upepo kwa kawaida hutoka mashariki, kwa hiyo ndege nyingi hutua zikielekea upande huo, kwenye njia ya kutua na kuruka inayoitwa 06. Nambari hiyo ni dira iliyofupishwa: 06 ni kama nyuzi 60, na ukiitumia njia ileile kutoka ncha ya pili inakuwa 24, yaani nyuzi 240. Nilirudi nyumbani, nikasikia kwamba njia ya Kisumu nayo ni 06 na 24. Nikajiona profesa.

Basi nikakodi lenzi kubwa kwa siku moja, nikamchukua shemeji yangu na jamaa wawili wa mtaani, tukashuka Usoma, ufukweni karibu na uwanja wa ndege wa Kisumu, baada ya chakula cha mchana. Niliwaambia bila kusita: ndege itatoka ziwani, itatupitia hapa, itatua ikielekea mjini. Shemeji, ambaye hajawahi kushika kamera, aliuliza kama nina uhakika. Nilimjibu vibaya. Hilo bado ananikumbusha kila Krismasi.

Tulikaa karibu na mama mmoja anayekaanga samaki. Moshi wa jiko lake ulinifuata machoni. Nilihamisha kiti mara mbili nikilalamika. Saa tisa hivi tukasikia ndege. Tukageukia ziwani, hakuna kitu. Shemeji ndiye aliyesema, "Si hiyo inashuka upande ule?" Ilikuwa ikitoka upande wa nchi kavu, ikatua ikielekea ziwani, na kufikia mwisho wa mwendo wake tuliona mkia tu juu ya majani, jua likitupiga usoni. Nilipiga picha kumi na moja. Zote ni kivuli cheusi.

Yule mama hakucheka. Alisema tu, "Wewe kijana, moshi umekula macho yako tangu saa saba, hukujua upepo unatoka wapi?"

Ndege hutua na kuruka zikiukabili upepo, kwa kuwa upepo wa usoni huipa bawa nguvu ya kuibeba hata ndege ikienda taratibu, na njia inayohitajika inakuwa fupi. Nairobi hakuna ziwa la kuugeuza upepo huo. Kisumu lipo. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, hivyo alfajiri upepo husukuma kuelekea ziwani. Mchana nchi hupata moto, hewa yake hupanda, na ya ziwani huja kuchukua nafasi. Wavuvi wa tanga wamelijua hilo tangu enzi za mababu. Mimi nilikuwa na lenzi ya watu na kichwa cha Embakasi, kule kwenye uwanja wa Nairobi. Na hata ukishajua hayo usiape: upepo ukiwa mwepesi, mnara wa kuongozea ndege unaweza kuruhusu moja itue upande huu na nyingine iruke upande ule.

Siku hizi kabla ya kutoka nyumbani nasoma taarifa ya hali ya hewa ya uwanja kwenye intaneti. Inataja upepo unatoka nyuzi ngapi. Karibu na 60, nakwenda ziwani. Karibu na 240, nabaki upande wa pili. Kisha natazama jua, maana hapa tuko karibu kabisa na ikweta: Juni jua la mchana huegemea kaskazini, Desemba kusini, kwa hiyo mahali palipokupa rangi nzuri mwezi mmoja patakupa kivuli mwezi mwingine. Ukichelewa hadi saa nne asubuhi, joto la lami linatetemesha picha na hakuna lenzi itakayokuokoa.

Ndege ya mapanga, teremsha kasi ya shata (muda ambao kamera inafunguka kupokea mwanga) hadi 1/125 au 1/250 ya sekunde, la sivyo mapanga yanaganda kama feni iliyokatiwa umeme. Embraer ya jeti haina mapanga, ipige hata kwa 1/1000.

Na usiusogelee ua wa uwanja. Mimi nilisogea, nikahojiwa saa nzima na mtu aliyeniita jasusi mbele ya watu wa boda boda, na kadi ya kamera ikafutwa. Nilikasirika, bado nina kinyongo, lakini kosa la kutoomba ruhusa lilikuwa langu. Vijana wenzangu, tunapenda kununua kuliko kutazama. Tunakopa kwa simu tupate lenzi, halafu hatuna subira ya kukaa saa mbili tukiangalia majani yanainamia wapi. Kaa kwanza. Andika kwenye daftari: saa, upepo, upande. Mwezi mzima, bila kamera.

Ndugu wa Kakamega, lenzi yangu ni ya milimita 70-300, ya mitumba. Elfu arobaini zako zitatosha na nauli itabaki.

Wiki iliyopita nilimpelekea yule mama wa samaki nakala ya ile picha ya asubuhi. Aliishika mbali na mafuta, akaitazama sana, kisha akauliza, "Na moshi wangu uko wapi?" Nikamwonyesha kwenye kona ya chini: uzi mwembamba wa kijivu, umelalia ziwani.