Paka wa mama mkwe hawakukukosea

*Shikamoo Shangazi. Naishi Buswelu, Mwanza, na mume wangu. Kila Krismasi mama mkwe huja na meli kutoka Bukoba, na hawaachi paka wake wawili. Mwaka jana dume alikojolea pazia, jike akakojolea kochi jipya, na sato wa wageni wakamla. Ikabidi usiku niwafungie stoo. Sasa nina mimba ya miezi minne na nasikia paka ni hatari kwa mjamzito. Nimeulizia nyumba ya wageni Kirumba, mama akalale huko na paka wake. Mume wangu amenuna. Nimwambieje mama?*

Marahaba, mwanangu. Hongera kwa mimba, na pole kwa kochi. Pole yangu inaishia hapo.

Mimba umeitaja mwishoni, baada ya pazia, kochi na sato. Hasira yako ni ya mwaka jana, mimba ni sababu uliyoipata mwaka huu. Tena umewashtaki paka bila kusema walikuwa wanajisaidia wapi. Ungekuwa umewawekea mchanga, ungesema. Mnyama yuko nyumba ngeni, hana choo, halafu unashangaa kochi kulowa, kisha ukamfungia stoo. Mimi niko upande wa mama mkwe. Mtu anayesafiri ziwani usiku kucha na paka wawili hana wa kumwachia.

Haya ya mimba tuyanyooshe, maana ni ya kweli ila umeyasikia nusu. Kuna kimelea kinachoitwa toksoplasma, kinatoka kwenye kinyesi cha paka, na kinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Lakini kinyesi kibichi hakiambukizi papo hapo, mayai yake huhitaji siku 1 hadi 5 nje ndipo yawe hatari. Kwa hiyo kinyesi kiondolewe kila siku, na asikiondoe mjamzito. Hiyo ni kazi ya mume wako, ni mama yake. Kukaa sebuleni na paka siyo kunakoleta ugonjwa. Mishkaki isiyoiva, kachumbari isiyooshwa vizuri na kulima mchicha kwa mikono mitupu ndivyo vya kuogopa zaidi, na hivyo hukuviandika. Mweleze pia mkunga kliniki kwamba utakuwa na paka nyumbani.

Sasa mkojo. Dume aliyelenga pazia alikuwa anaweka alama ya mipaka, ndivyo afanyavyo dume asiyehasiwa akifika mahali pageni. Mume wako amlipie mama daktari wa mifugo huko Bukoba, ahasiwe mapema, kwa sababu tabia hiyo hupungua taratibu kwa wiki kadhaa. Akiwa huko huko wote wawili wachomwe chanjo ya kichaa cha mbwa. Jike alikosa choo tu. Paka wawili wanataka mabeseni matatu mapana, mchanga mkavu au vumbi la mbao la kwa fundi seremala, kina cha vidole vitatu, mbali na chakula chao. Ukiweka beseni moja, mmoja atamzuia mwenzake, na kochi litalipa. Kochi lenyewe lisuguliwe kwa siki na maji, kipimo sawa, kisha likaushwe juani. Usitumie dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. Sabuni peke yake haiondoi chumvi za mkojo, ndiyo maana harufu inarudi mvua ikinyesha, na paka akiinusa anarudi palepale.

Safarini wakae kwenye tenga lenye kifuniko, ndani kanga kuukuu ya mama isiyofuliwa, na wasile kwa muda wa saa nne au tano kabla ya meli kuondoka. Wakifika, siku mbili tatu za kwanza wabaki chumba cha mama, mlango umefungwa, maji, mabeseni na ile kanga ndani. Ukiwaachia siku ya kwanza watakimbilia kwenye mawe, na paka aliyeingia katikati ya majabali ya Mwanza humpati kwa kumwita. Mkesha wa mwaka mpya wafungiwe mapema, mafataki yanawatia wazimu.

Walishwe asubuhi na jioni, kabla hujaanza kupika, hapo sato wako atapona. Sangara wa kuchemsha bila mifupa, bila chumvi, bila kitunguu, maana kitunguu huharibu damu ya paka. Wasipewe samaki mbichi kila siku, wala maziwa, wengi wakishakua yanawaharisha. Na asitokee wa kumpa paka panadoli. Inamuua.

Ndoa za siku hizi zinanitia huzuni. Mnajenga, mnaweka vigae, mnanunua kochi, kisha mama aliyemzaa mwenye nyumba anatafutiwa chumba cha kulipia. Mume wako kununa ni haki yake. Mtoto huyo wa miezi minne akizaliwa, unadhani nani atavuka ziwa kuja kukukanda na kukupikia uji? Ukimlaza Kirumba sasa, utamwita Buswelu kwa uso gani?

Nyumba ya wageni achana nayo. Huna cha kumwambia mama. Simu ya daktari wa mifugo na chanjo apige mume wako, wiki hii, na wewe uwe hapo umsalimie mama na kumuuliza paka wake wanapenda kula nini.