Maswali ya Wasomaji: Kumpeleka Mzee Uwanja wa Sokoine

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mama wa watoto wawili, ninaishi Mafinga. Baba yangu ni shabiki wa Tanzania Prisons, na hadi leo huwasimulia wajukuu wake jinsi Tukuyu Stars walivyotwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1986. Ninataka kumpeleka yeye na watoto Mbeya mwisho wa wiki ambapo Prisons watacheza na Yanga. Nipange vipi safari hiyo, na je, tunaweza kufika pia Daraja la Mungu?

JIBU: Dada yetu, jambo la kulitazama kabla ya mengine yote ni tarehe. Mechi za Yanga na Simba huhamishwa mara kwa mara, kwa kuwa timu hizo zinapokuwa kwenye mashindano ya Afrika, au wachezaji wao wanapoitwa Taifa Stars, Bodi ya Ligi hulazimika kuzisogeza mbele, ndipo vinapopatikana viporo, yaani mechi zinazosubiri kuchezwa baadaye. Kwa hiyo usilipie chumba wala kuwaombea watoto ruhusa shuleni kwa kutegemea ratiba iliyotolewa mwanzoni mwa msimu. Ukilazimika kushika chumba mapema, kubaliana kabisa na mwenye nyumba ya wageni kwamba mchezo ukiahirishwa, malipo yako yatahamia tarehe mpya.

Tukuulize pia: mzee anaitaka Yanga, au anawataka Prisons wake? Siku ya Yanga mashabiki humiminika kutoka Tunduma, Vwawa, Tukuyu, Kyela na hata Makambako, vyumba huadimika na milangoni huwa na msukumano usiomfaa mtu mzima mwenye wajukuu mkononi. Sisi tungechagua mchezo dhidi ya timu isiyo na umati mkubwa. Hapo mzee ataketi atakapo, atamsikia kocha akiwakemea mabeki wake, na watoto wataona mpira wenyewe badala ya migongo ya watu.

Mkiamua kuwa ni Yanga, na mchezo ukapangwa Jumamosi, safirini Ijumaa asubuhi. Kutoka Mafinga hadi Mbeya ni takriban kilomita 250, mwendo wa saa nne hadi tano kwa basi, na anayechelewa mara nyingi huchelewa mwishoni kabisa, kati ya Uyole na Mafiat, ambako malori yaendayo Tunduma hubanana na daladala na bajaji. Panda gari linaloanzia Iringa, kwa sababu mabasi yanayotoka Dar es Salaam asubuhi hufika Mafinga alasiri, pengine yakiwa yamejaa. Mabasi ya usiku yameruhusiwa tena tangu mwaka 2023, lakini kwa mzee na watoto hatuyapendekezi.

Tafuteni malazi katikati ya mji, mitaa kama Sisimba au Uhindini, ili siku ya mchezo muende uwanjani kwa miguu. Baridi haina haja ya kuelezwa kwa mtu wa Mafinga; mvua ndiyo ya kujihadhari nayo, hasa kuanzia Novemba hadi Aprili, kwa maana sehemu kubwa ya majukwaa ya Sokoine haina paa. Kateni tiketi za jukwaa kuu mapema, na mchukue makoti ya mvua badala ya miavuli, ambayo huwaziba walioketi nyuma. Andika namba yako ya simu kwenye karatasi, uitie katika mfuko wa kila mtoto. Filimbi ya mwisho ikilia, bakini mmeketi mpaka watu wapungue.

Daraja la Mungu, lile daraja la mwamba wa volkano lililo juu ya Mto Kiwira, liko upande wa barabara ya Tukuyu inayochepuka Uyole. Kulitembelea Jumapili na kufika Mafinga siku hiyohiyo kunawezekana kwa gari la kukodi, lakini mzee atachoka mno. Liwekeeni likizo, mlale Tukuyu. Jumamosi asubuhi inatosha kwa matembezi ya taratibu katika soko la Mwanjelwa na kununua mchele wa Kyela, kisha mzee apumzike kabla ya mchezo. Tiketi za basi la Jumapili asubuhi zikateni Ijumaa ileile mtakapofika, kwa sababu baada ya mechi kubwa kila mtu hutaka kuondoka kwa wakati mmoja.