Sare ya harusi kwa dada anayetumia kiti cha magurudumu: ashonewe ileile

Waalaikum salaam, mdogo wangu. Nimekisoma kisa chako chote: harusi iko baada ya Idi, sare ni doti ya kanga usiku wa kesha na gauni la krepu siku ya kumtoa bi harusi, na dada yenu mkubwa, anayetumia kiti cha magurudumu, ameambiwa na mashangazi atafutiwe dira moja pana "kwani yeye atakaa tu". Mwenyewe anataka sare, na wewe unauliza kama inawezekana kumshonea bila ya kumtaabisha. Mimi ni fundi cherehani. Kwetu ni Wete, Pemba, lakini naishi na kushonea Jang'ombe, Unguja, na miongoni mwa wateja wangu wa siku nyingi wamo wanawake wanaotumia viti. Inawezekana, tena vizuri sana.

Kabla ya sindano, nataka mashangazi walisikie hili. Katika shughuli zetu sare ndiyo inayomwambia mgeni nani ni mwenye shughuli na nani amealikwa. Dada yenu akiwekwa katikati yenu na dira la rangi nyengine, mgeni aliyetoka Chake Chake hatojua kuwa huyo ndiye mkubwa wenu. Atampita, ataenda kuwapa mkono na pongezi nyinyi wadogo, na yeye atabaki kuangalia harusi ya ndugu yake kama jirani. Hili nimeliona kwa macho yangu zaidi ya mara moja na linaniuma kila nikilikumbuka.

Na Unguja hii nguo imekuwa ikitumika kuonesha nani anahesabiwa tangu enzi za mababu. Wakati wa utumwa mjakazi alivaa kaniki (nguo nyeusi) au merikani (nguo ya pamba isiyotiwa rangi) na kichwa wazi; mtumwa mwanamume hakuruhusiwa kuvaa kofia wala viatu mbele ya bwana wake. Hadhi ya utumwa ilipofutwa kisheria 1897, wanawake waliotoka utumwani walinunua kanga za rangi, wakajifunga na kujitanda, na baadaye wakavaa na buibui, ambalo kabla yake lilikuwa vazi la mabibi wakubwa. Hawakungoja mtu awape ruhusa ya kuwa watu wa mji. Wengi wa watu wa Ng'ambo, upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe, ni vitukuu vya wanawake hao, kwa hiyo mimi siwezi kukubali mtu mzima aambiwe "wewe vaa chochote".

Haya, tuje kwenye kitambaa.

Kosa linalofanywa na mafundi wengi ni kumpima mtu aliyekaa kwa vipimo vya mtu aliyesimama. Ukikaa, mapaja na makalio yanatanuka, tumbo linajikunja, na urefu wa nyuma unaongezeka huku wa mbele ukipungua. Ndiyo maana gauni la kawaida humrundikania mwanamke nguo tumboni kama mto, na nyuma likavutika kwa kukosa urefu. Apimwe akiwa juu ya kiti chake mwenyewe. Futi ya kupimia ianze kiunoni, ipite juu ya paja, ishuke gotini mpaka kwenye kifundo cha mguu, na hapo ndipo gauni likome. Likizidi hapo litaingia kwenye vile vigurudumu vidogo vya mbele. Nyuma, sketi haina haja ya kuwa na kitambaa kingi cha kukaliwa. Nguo iliyojikunja chini ya makalio kwa saa nyingi inachubua ngozi, na mtu ambaye hana hisia sehemu hizo anaweza kupata kidonda bila ya kujua. Kwa sababu hiyohiyo mshono mnene, kifungo au zipu visikae nyuma wala chini. Weka zipu ubavuni au mbele, na bitana iwe ya pamba laini.

Mikono ndiyo inayosumbua zaidi, khasa mitindo hii ya sasa ya mikono mipana kama kengele. Kama sare yenu ina mikono hiyo, msiibadilishe yake ikawa kama shati la skuli. Mimi huacha upana kuanzia begani mpaka chini ya kiwiko, kisha nabana kwa mpira au kishikizo kwenye kifundo cha mkono. Ukitazama kwa mbali ni mtindo uleule, na anaweza kusukuma magurudumu yake bila ya kuchafua wala kunasa. Krepu mliyochagua ni nzuri. Ingekuwa satini ningewaonya, kwani inateleza na mtu anajikuta anashuka kitini kila saa. Mtandio usiachwe mrefu ukaning'inia. Upindwe na ubanwe kwa pini begani.

Kanga sasa. Hapa ndipo mteja wangu mmoja, mwalimu, aliponifundisha jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Sisi tukijifunga kanga, jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa juu yake, linakaa nyuma, na watu wanalisoma unapowapita. Yeye akikaa, jina analikalia. Aliniambia, "Dada, nimeichagua kanga hii kwa jina lake, sasa nani atalisoma?" Basi tukaigeuza: upande mmoja wa doti nikaukata sketi ya kufungua ubavuni, yenye kamba za kufungia kiunoni, ili asihangaike kujifunga akiwa amekaa, na nikahakikisha jina linalala juu ya magoti yake, limeelekea kwa watu. Upande wa pili akajitanda kama kawaida. Usiku ule kila aliyeinama kumpa mkono alilisoma lile jina na wakacheka pamoja. Muulize dada yako kama anapenda hivyo. Kama anataka kanga nzima isikatwe, nayo inawezekana: itandikwe juu ya mapaja na ibanwe ubavuni, ingawa itahitaji kurekebishwa kila baada ya muda.

Rangi pia muulizeni yeye. Huyo mwalimu kwao walikuwa wakimnunulia nguo nyeusi na za udongo tangu mdogo, eti hazioneshi uchafu wa magurudumu. Siku alipokuja kwangu na pesa yake mwenyewe alitoka Darajani na kitambaa cha rangi ya chungwa kilichoiva, na mpaka leo akija kushona hataki rangi ya kupoa. Kwenye sare hana uchaguzi, sawa na nyinyi, lakini mkufu, viatu, kikuba na maua ya hina ni vyake. Hina yenyewe mumpigie usiku ambao hatohitaji kusukuma magurudumu mpaka ikauke, au apatikane mtu wa kumsukuma kwa ridhaa yake.

Kitambaa hakitozidi sana. Nguo yake ikikatwa vizuri hutumia kiasi kilekile cha wenzake, na nusu mita ya ziada ukiiweka ni kwa ajili ya marekebisho tu. Msiwaachie wenye duka wa Mchangani mpaka wiki ya mwisho, kwa sababu kitambaa cha sare kikimalizika kwenye rola hupati tena rangi ileile, na mara zote anayekosa ni yule aliyefikiriwa mwisho. Kikate chake cha kwanza.

Kwa mama na mashangazi, usibishane nao mbele yake. Nenda na mchango wake wa sare mkononi, umpe anayekusanya, na jina lake liandikwe kwenye daftari kama la wengine. Likishaandikwa, mazungumzo yatakuwa ni ya vipimo tu.

Kama fundi wenu hataki kumpima akiwa kitini, andika hapa mnakaa mtaa gani. Wapo mafundi Unguja na Pemba wanaojua kazi hii, na mwengine atakuja nyumbani na futi yake.