Nikifanya wema kwa siri halafu mtu akaniuliza "ni wewe?", nijibu nini?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh wangu. Mimi nina tabia ya kufanya vitu vidogo vidogo kimyakimya, mtu akifiwa au akikosa kazi namtumia mesej ya kumtia moyo kwa namba asiyoijua, saa nyingine nalipa kadeni kake au naacha kitu mlangoni bila jina. Sasa rafiki yangu anasema nijitokeze ili na wengine waige. Pia kuna mtu kaniuliza uso kwa uso kama ni mimi nikamwambia sio mimi, je nimedanganya? Na mwingine anamshukuru mtu tofauti kabisa, niache tu?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Dada yangu, Allah akukubalie, na usiiache hii tabia.

Suratul Baqara aya ya 271 inasema mkizidhihirisha sadaka ni vizuri, na mkizificha mkawapa mafakiri ni bora zaidi kwenu, kwahiyo ya wazi haijakatazwa ila ya siri imepewa daraja ya juu. Na usidhani sadaka ni pesa tu, Mtume (s.a.w) kasema kila jema ni sadaka, na kamwambia sahaba wake Abu Dharr asidharau jema lolote hata kama ni kukutana na nduguye kwa uso mkunjufu, sasa mesej ya kumfariji mfiwa utaidharauje?

Watu wengi wanaona siri ni kwa ajili ya mtoaji tu, asiingiwe na riya, yaani kujionyesha kwa watu. Ni kweli, lakini hiyo ni nusu, na nusu ya pili mimi naiona nzito zaidi, nayo ni heshima ya anayepokea. Aya ya 264 ya sura hiyohiyo inatukataza tusiharibu sadaka zetu kwa masimbulizi, yaani kumkumbusha mtu wema uliomfanyia, na maudhi, na mtu akishajua ni wewe uliyemlipia, hata usiposema neno, kila akikuona anainamisha macho, ukimkosea anaogopa kukwambia, ukiomba kitu anashindwa kukataa hata kama hana uwezo, yaani anaishi na wewe kama mtu anayedaiwa. Ukijificha umemuondolea mzigo huo wote.

Mwangalie Ali bin Hussein, Zaynul Abidin, kitukuu cha Mtume (s.a.w). Imepokewa kwamba alikuwa anabeba chakula mgongoni usiku anawapelekea mafakiri wa Madina, watu wanakula hawajui kinatoka wapi, mpaka alipofariki vikakatika ndo wakajua, na waliomuosha wakakuta alama mgongoni kwake. Na kuna waliokuwa wanamuona bakhili! Yeye anahudumia nyumba 100 na watu wanasema ana mkono mgumu, hakuhangaika kujisafisha. Hapo ushapata jibu la huyo anayemshukuru mtu mwingine, muache, ujira wako haujahamia kwa yule. Yule naye akijua hakufanya inampasa aseme hakufanya, maana Aali Imran aya ya 188 imewakemea wanaopenda kusifiwa kwa wasiyoyatenda, ila hilo ni lake sio lako.

Rafiki yako nae ana hoja, tusimbeze. Sahaba Jarir bin Abdillah kapokea, na iko kwenye kitabu cha hadithi cha Imam Muslim, kwamba walikuja watu wa kabila la Mudhar wakiwa peku na nguo zimechanika, uso wa Mtume (s.a.w) ukabadilika, akahutubia, ndo mtu mmoja wa Answari, wale wenyeji wa Madina waliompokea Mtume, akaleta mfuko mzito mkono unakaribia kushindwa kuubeba, watu wakamfuata mpaka yakawa marundo mawili ya chakula na nguo, hapo Mtume akasema anayeanzisha mwenendo mwema ana ujira wake na ujira wa watakaoufuata. Shida ikiwa ya wazi na watu wanategeana, jitokeze utoe mbele yao. Lakini msiba wa mtu mmoja sio mchango wa hadhara. Na hii ya kupiga picha ya skrini ukafuta jina ukaweka stetasi "tusaidiane jamani", hapana, wanaomjua watamjua tu.

Kuhusu "sio mimi", huo ni uongo dada yangu, hata nia ikiwa nzuri. Omba maghufira, yatosha, huna haja ya kurudi kumfunulia. Siku nyingine jibu bila kukiri wala kukana, sema "Allah amlipe aliyefanya" au "wewe mshukuru Allah", wanazuoni wameruhusu maneno ya namna hiyo ukiwa na haja ya kuficha jambo na humdhulumu mtu.

Sasa kuna kitu hujauliza lakini kinanipa wasiwasi, hiyo namba isiyojulikana. Mtume (s.a.w) alikuwa anamsindikiza mkewe usiku, wakapita Answari wawili wakaharakisha, akawaambia taratibuni, huyu ni Safiyya bint Huyay, akaeleza kwamba shetani anatembea ndani ya mwanadamu kama damu. Yeye ambaye hakuna wa kumshuku kaondoa shaka, sisi je? Mume wa mtu akipata mesej tamu usiku kwa namba asiyoijua, mkewe akaiona, ile faraja yako imegeuka fitna ndani ya nyumba yao. Kwahiyo mwanaume asiye maharimu wako, yaani anayeweza kukuoa, usimtumie kabisa, pitishia kwa kaka yako au mumeo au imamu, au muombee dua asiyoisikia, maana katika hadithi ya Abu Dardaa, ukimuombea nduguyo asipokuwepo malaika anasema "amin, nawe upate mfano wake". Kwa wanawake wenzako andika wazi: hii ni pole tu, sina ninachotaka, usijisumbue kujibu. Usiandike vitu vinavyoonyesha unamfuatilia anatoka saa ngapi na anarudi saa ngapi, utamtisha. Na akisema acha, acha.

Kwenye deni, anayedai lazima ajue limelipwa na hilo haliharibu siri yako, muombe asikutaje jina. Ila msisitize amjulishe mdaiwa sikuhiyohiyo, manake ukilipa kimya na yeye asipoambiwa ataendelea kukosa usingizi kwa deni ambalo halipo tena.

Wallahu a'lam.