Re: Atamizi inataka asilimia 10 ya hisa, tusaini?

Habari, na hongereni kwa kuchaguliwa. Umesema atamizi, yaani kituo cha kulea kampuni changa, inawapa ofisi, intaneti na ushauri wa miezi sita, bila fedha taslimu, na kwa hayo inataka asilimia 10 ya hisa za kampuni yenu.

Msisaini kwanza. Angalieni kifungu cha hisa: zinahama lini? Katika mkataba wa namna hii niliowahi kuupitia, hisa zote zilihama siku ya kusaini, hata kama washauri wasingetokea kabisa. Tuliomba zitolewe kidogo kidogo kadiri huduma zinavyotolewa, wakakubali bila ugomvi. Nanyi ombeni hivyo.

Asilimia 10 bila pesa naona ni nyingi mno. Y Combinator ya Marekani, nayo hulea kampuni changa, huchukua asilimia 7, lakini inaweka dola 125,000. Na kila mwekezaji atakayekuja baadaye atazidi kupunguza sehemu yenu.

Halafu umegusia kwamba mwenzenu aliyeandika programu hana mkataba wowote. Andikishaneni wiki hii kwamba hakimiliki ni ya kampuni. Mwekezaji makini ataulizia hilo mapema.

Mkataba wenu sijauona, kwa hiyo mwanasheria aupitie. Ila kabla ya hapo watafuteni vijana wawili watatu waliopitia atamizi hiyo, muwaulize walikutanishwa na wateja gani. Ofisi mtapata popote, mteja wa kwanza ndiye kazi. Atamizi ikikataa kuwapa majina ya waliopita, mimi nisingesaini.